Masomo Uliyokwisha Kusoma: Yapi Yatahesabiwa Chuoni?

Mzazi anayeishi Funzi akimsindikiza mtoto wake hadi Bodo kwa mashua, akampakia bodaboda kuelekea barabara kuu, huwa amekwisha kupiga hesabu ndefu. Kuna karo, kuna chumba cha kupanga Ukunda, Kwale au Mombasa, kuna chakula, kuna nauli ya kurudi nyumbani sikukuu. Mwaka mmoja zaidi chuoni ni mwaka mmoja zaidi wa gharama hizo zote. Ndiyo maana swali hili ni la haki: je, masomo magumu aliyosoma kijana katika shule ya upili, au kozi aliyofanya baadaye, yanaweza kumpunguzia muda wa chuo?

Jibu fupi ni hili. Nchini Kenya, gredi za shule ya upili humfungulia kijana mlango wa chuo lakini hazimpunguzii masomo ya ndani. Kinachoweza kupunguza masomo ni kozi aliyosoma baada ya shule ya upili, katika chuo kinachotambuliwa, na ikiwa ana karatasi za kuonyesha alisoma nini. Makala haya yanaeleza tofauti hiyo na namna ya kuitumia kabla hujalipa hata shilingi moja.

Mlango na krediti ni vitu viwili

Tuanze na maneno mawili ambayo watu huyachanganya.

La kwanza ni sifa ya kujiunga. Hiki ni kiwango ambacho chuo hukitaka ili kikupokee. Kwa shahada ni wastani wa C+ katika KCSE. Kwa diploma ni C-. Kwa cheti ni D. Aliyepata D- au E anaweza kujiunga na kozi za ufundi za ngazi ya chini. Kozi nyingi huongeza masharti ya masomo maalumu, kwa mfano Biolojia na Kemia kwa kozi za afya.

La pili ni krediti. Chuo hugawa kozi katika vipande, ambavyo wanafunzi huviita yuniti. Kila yuniti ina saa zake za kufundishwa na uzito wake, na uzito huo ndio krediti. Mwanafunzi akikusanya krediti zote zinazotakiwa, anahitimu. Ikiwa chuo kitakubali kwamba yuniti fulani umeisoma kwingine na ukaifaulu, hakitakulazimisha uisome tena. Hapo ndipo muda, na pengine karo, hupungua.

Kwa hiyo kijana mwenye A ya Hisabati katika KCSE amepata sifa nzuri ya kujiunga na kozi ya uhandisi. Lakini akifika mwaka wa kwanza atakaa darasa moja la hisabati na mwenzake aliyepata B. Ile A imemfikisha mlangoni na kumpa nguvu ya kushindania nafasi kupitia KUCCPS, shirika linalogawa nafasi za vyuo. Yuniti yenyewe bado ataisoma.

Zamani ilikuwaje?

Wazee wetu waliosoma kabla ya 1990 watakumbuka mpango mwingine. Mwanafunzi alisoma msingi miaka 7, sekondari miaka 4, kisha wachache waliofaulu waliendelea na Kidato cha Tano na cha Sita kwa miaka 2, wakafanya mtihani wa KACE. Baada ya hapo shahada nyingi zilikuwa za miaka 3.

Januari 1985 nchi iliingia mfumo wa 8-4-4, kufuatia mapendekezo ya tume ya 1981 iliyoongozwa na Colin Mackay. Kidato cha Tano na cha Sita vikaondolewa. Kundi la mwisho la Kidato cha Sita na kundi la kwanza la KCSE yalifanya mitihani yao mwaka mmoja, 1989, na vyuo vikuu vikalazimika kuyapokea makundi yote mawili. Shahada nazo zikawa za miaka 4.

Ukiitazama vizuri, hesabu hiyo inatufunza jambo. Miaka miwili ya Kidato cha Tano na cha Sita ilikuwa imebeba sehemu ya kazi ambayo sasa hufanywa katika mwaka wa kwanza wa chuo. Miaka hiyo ilipoondoka, kazi ile ilihamia chuoni. Kwa maneno mengine, nchi nzima iliwahi kuhesabu masomo ya juu ya sekondari kama mwaka wa chuo, lakini ilifanya hivyo kwa mfumo mzima na kwa wanafunzi wote. Mwanafunzi mmoja mmoja hakupimwa yuniti kwa yuniti.

Majirani na ng'ambo

Hapa kwetu kusini swali hili lina uzito wa ziada kwa sababu mpaka wa Lunga Lunga na Horohoro uko karibu, na zipo familia zenye watoto waliosoma upande wa Tanzania. Tanzania na Uganda bado zina Kidato cha Tano na cha Sita. Shahada nyingi za Tanzania ni za miaka 3.

Kijana mwenye cheti cha Kidato cha Sita akija kusoma chuo kikuu cha Kenya hupokelewa ikiwa ana angalau masomo mawili aliyofaulu kwa kiwango kikuu. Vyuo huweza kumtaka alete barua ya Baraza la Mitihani la Kitaifa (KNEC) inayolinganisha cheti chake na cha Kenya. Barua hiyo iombwe mapema, kwani kijana asiyekuwa nayo siku ya usajili anaweza kupoteza nafasi. Marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza eneo moja la elimu ya juu mwaka 2017 ili wanafunzi wahame kwa urahisi kati ya nchi hizi, lakini uamuzi wa kumpokea mwanafunzi na kumhesabia yuniti bado hufanywa na chuo chenyewe.

Wenye jamaa Marekani huenda wamesikia habari tofauti. Kule kuna masomo ya kiwango cha chuo yanayofundishwa katika shule za upili, yanayojulikana kama AP. Mwishoni mwa mwaka mwanafunzi hufanya mtihani wa kitaifa na kupewa alama kuanzia 1 hadi 5. Vyuo vingi humhesabia krediti aliyepata 3 na zaidi, vingine hutaka 4 au 5, na vingine havihesabu kabisa. Vyuo vingi vya Marekani pia huhesabia krediti baadhi ya masomo ya Kidato cha Sita cha mfumo wa Uingereza, ambayo baadhi ya shule za kibinafsi nchini Kenya huyafundisha. KCSE haimo katika kundi hilo. Kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba shule yenye mtaala wa kigeni itamfupishia mtoto wako shahada ya Kenya. Faida hiyo, ikipatikana, hutegemea chuo atakachokwenda na nchi kilipo.

Sekondari pevu: nini kimebadilika?

Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10. Watamaliza Gredi ya 12 mwaka 2028. Wenzao wa mwisho wa 8-4-4 watafanya KCSE mwaka 2027.

Sekondari pevu ina mikondo mitatu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, Sayansi za Jamii, na Sanaa na Michezo. Mwanafunzi husoma masomo ya lazima, yaani Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara, Hisabati, na Huduma kwa Jamii, kisha huchagua masomo matatu kulingana na mkondo wake. Wa mkondo wa sayansi husoma Hisabati nzito. Mikondo mingine ina Hisabati nyepesi.

Kwa watu wa Funzi kuna jambo la kutazama. Miongoni mwa masomo ya kiufundi ya mkondo wa sayansi limo somo la Teknolojia ya Bahari na Uvuvi, pamoja na Umeme, Ujenzi, Useremala na Mitambo. Kijana aliyekulia kati ya mikoko na kina kirefu anaweza sasa kulisoma darasani lile alilolishuhudia kwa baba na babu yake. Si kila shule inalifundisha, hivyo uliza kabla ya kuchagua.

Lakini tuwe wazi. Mfumo mpya huitwa 2-6-3-3-3, na tarakimu ya mwisho ni miaka mitatu ya chuo. Hii haina maana kwamba somo la Gredi ya 12 limegeuka kuwa yuniti ya chuo. Kozi kama udaktari na uhandisi kwa kawaida huhitaji zaidi ya miaka mitatu. Mchagulie mtoto mkondo kwa kuangalia mlango anaotaka kuufungua. Aliyechagua Hisabati nyepesi, halafu akataka uhandisi, atajikuta nje ya mlango huo hata akipata alama za juu kabisa.

Pale ambapo masomo huhesabiwa kweli: ngazi ya vyeti

Njia ya uhakika zaidi kwa kijana wetu kuhesabiwa masomo ni kupanda ngazi. Sheria ya Mfumo wa Kitaifa wa Sifa za Masomo ya 2014 ilianzisha Mamlaka ya KNQA na kuziweka sifa zote za masomo nchini katika ngazi zenye nambari. Kwa ufupi, zile zinazotuhusu zaidi ni hizi:

- Ngazi ya 4: cheti cha ufundi stadi
- Ngazi ya 5: cheti
- Ngazi ya 6: diploma
- Ngazi ya 7: shahada

Aliyemaliza ngazi ya 4 anaruhusiwa kupanda ya 5, wa 5 kupanda ya 6, na mwenye diploma anaweza kuomba shahada hata kama KCSE yake haikufika C+. Vyuo vya ufundi vilivyo chini ya kaunti, kwa mujibu wa Katiba ya 2010, ndipo wengi huanzia. Zaidi ya hapo tuna KMTC tawi la Msambweni kwa kozi za afya, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa (TUM) chenye kampasi mjini Kwale na makao makuu Tudor, na Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi.

Mfano unaojulikana ni wa wauguzi. Muuguzi mwenye diploma anayejiunga na shahada ya uuguzi kwa mpango uliotengwa kwa wenye diploma husoma muda mfupi kuliko aliyetoka moja kwa moja shuleni, kwa sababu chuo kinatambua alichokwisha kusoma.

Tupige hesabu

Nambari hizi ni za mfano tu, ili uone namna inavyofanya kazi. Tuseme shahada ni ya miaka 4. Kila mwaka una mihula 2, na kila muhula yuniti 6. Jumla ni yuniti 48, na mwaka wa kwanza una yuniti 12.

Binti mwenye diploma ya usimamizi wa hoteli anaomba shahada ya taaluma hiyo hiyo. Chuo kinalinganisha yuniti zake na za mwaka wa kwanza, kinakubali 9 kati ya 12. Anaingia mwaka wa pili, lakini anabeba yuniti 3 za mwaka wa kwanza atakazozisoma pembeni. Ameokoa karibu mwaka mzima wa karo, na mwaka mzima wa kodi ya chumba.

Kijana wa pili ana diploma ya umeme, naye anaomba shahada ya biashara. Chuo kinakubali yuniti 2 tu, labda za mawasiliano na kompyuta. Ataanza mwaka wa kwanza kama wengine. Na hapa kuna swali muhimu: je, chuo hicho hutoza karo kwa yuniti au kwa muhula? Kikitoza kwa muhula, zile yuniti 2 zitampunguzia kazi lakini hazitampunguzia malipo.

Somo tunalopata ni mambo mawili. Kwanza, krediti hufuata kozi zinazofanana. Pili, hakuna chuo kitakachokuhesabia kozi nzima. Sehemu kubwa lazima uisome pale pale unapotaka cheti kitoke.

Aliyejifunza kazini, naye je?

Wapo watu wengi Funzi, Shimoni na Vanga waliojifunza kazi bila kukaa darasani: fundi wa injini za boti, seremala wa mashua, mpishi wa hoteli za Diani, fundi wa umeme. Hawa nao wana njia.

Ya zamani ni mtihani wa ufundi wa NITA, wenye gredi ya tatu, ya pili na ya kwanza. Ya karibuni zaidi ni mpango wa kutambua ujuzi uliopatikana kabla, ambao sera yake ya kitaifa ilizinduliwa mwaka 2024. Fundi hukusanya ushahidi wa kazi zake: picha, barua za waajiri au wateja, vyeti vidogo vya mafunzo. Kisha hupimwa na wakaguzi katika kituo kilichoidhinishwa, kwa maswali na kwa kazi ya mikono. Akifaulu hupewa cheti kinachokaa katika ngazi za kitaifa, na kwa cheti hicho anaweza kupanda ngazi kama mwingine yeyote.

Kumbuka kwamba kinachopimwa ni ujuzi. Miaka ishirini ya kazi bila ushahidi wala mtihani haitageuka cheti. Anza leo kuweka picha za kazi zako na kuwaomba wateja wakubwa barua.

Mitego minne ya kuepuka

1. Chuo kisichoidhinishwa. Vyuo vya ufundi husajiliwa na TVETA chini ya sheria ya 2013, na vyuo vikuu huidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE). Cheti kutoka chuo kisichotambuliwa hakihesabiwi popote, hata kama ulisoma kwa bidii. Hakikisha pia kozi yenyewe imeidhinishwa, kwani chuo kinaweza kuwa halali na kozi yake moja isiwe.

2. Kutegemea cheti pekee. Cheti husema umehitimu. Anayelinganisha yuniti anataka nakala ya matokeo yenye kila yuniti na alama yake, na pia muhtasari wa kilichofundishwa katika kila yuniti. Viombe vyote siku unapohitimu, kabla chuo hakijabadilisha mtaala.

3. Ahadi ya mdomo. Mtu wa matangazo anaweza kukuambia "utaingia mwaka wa pili". Uamuzi huo ni wa idara husika na ofisi ya msajili, baada ya kusoma karatasi zako. Taka barua inayotaja yuniti ngapi zimekubaliwa na ni zipi.

4. Kusahau taaluma. Chuo kinaweza kukupokea na kukuhitimisha, kisha bodi ya taaluma au mwajiri akarudi kutazama KCSE yako. Ualimu wa sekondari ni mfano mmoja: Tume ya Huduma za Walimu ina masharti yake kuhusu gredi za KCSE. Mwenye ndoto ya taaluma yenye bodi aulize bodi kwanza, chuo baadaye.

Kabla hujavuka kwenda kulipa

Mzazi au kijana anayefikiria kujiunga na chuo na ajibiwe maswali haya kwa maandishi:

- Je, chuo na kozi hii vimeidhinishwa, na nani?
- Nina sifa ya kujiunga? Kwa KCSE, kwa diploma, au kwa cheti cha ujuzi?
- Ni yuniti ngapi za nyuma zitahesabiwa, na zipi?
- Nitaingia mwaka gani, muhula gani?
- Karo ni kwa yuniti au kwa muhula?
- Mwisho wa kuwasilisha ombi la kuhesabiwa yuniti ni lini?

Swali la mwisho lisidharauliwe. Ombi kama hili hufanywa kabla ya kusajiliwa au mwanzoni kabisa mwa muhula wa kwanza. Aliyekwisha kukaa darasani mwaka mzima hana tena cha kuhesabiwa, kwa sababu yuniti zile amekwisha kuzisoma na kuzilipia mara ya pili.

Wanaoomba basari ya kaunti nao wanashauriwa kuuliza mapema. Basari humsaidia mwanafunzi kulipa, lakini haiwezi kurudisha karo iliyotolewa kwa chuo kisichotambuliwa, wala mwaka uliosomwa mara mbili.

Beba karatasi zako halisi na nakala zake katika mfuko usiopitisha maji. Yeyote anayevuka Bodo hadi Funzi anajua sababu. Kisha nenda kwa mwalimu wa ushauri wa shule, ofisi ya wadi, au moja kwa moja kwa msajili wa chuo, ukaulize. Kuuliza si ujinga, na swali linaloulizwa kabla ya kulipa linaweza kumwokolea mtoto wako mwaka mzima.